Konokono mdogo wa kisiwa kimoja: alifikaje huko, na nani anammaliza?

MwalimuMpwapwa

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari hapa wilayani Mpwapwa, na nimekuja na maswali ambayo wanafunzi wangu wamenibana nayo, nami sikupenda kuwajibu kwa kukisia.

Tulipokuwa kwenye mada ya uainishaji wa viumbe niliwasimulia habari za konokono wa Visiwa vya Desertas, ambavyo ni visiwa vidogo vya Ureno vilivyo kusini-mashariki mwa Madeira, katika Bahari ya Atlantiki. Ni spishi mbili, Geomitra coronula na Geomitra grabhami, na kila konokono ana ukubwa wa punje ya njegere. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba wote wamekwisha, hadi safari za utafiti za kati ya mwaka 2012 na 2017 zilipowakuta wapatao 200 wakiwa wamejibanza kwenye miamba ya kisiwa kiitwacho Deserta Grande. Konokono 60 walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Chester nchini Uingereza, wakatunzwa ndani ya kontena lililogeuzwa kuwa makazi yao, wakazaliana. Desemba 2024 wazao wao 1,329, kila mmoja akiwa ametiwa nukta ya rangi kwenye gamba ili aweze kutambulika baadaye, walirudishwa na kuachiwa kwenye kisiwa jirani cha Bugio, ambako wanyama waharibifu walioletwa na watu wameshaondolewa.

Darasa lilisikiliza kwa makini, kisha maswali yakaanza. Mmoja aliuliza hivi: ikiwa konokono hawezi kuogelea wala kuruka, alifikaje kwenye kisiwa kilichoibuka baharini kwa volkano na ambacho hakijawahi kuungana na bara lolote? Mwenzake akadakia kwamba kama alikuwa na uwezo wa kufika huko, basi angekuwa pia mahali pengine. Wa tatu, ambaye kwao ni wafugaji, aliposikia kwamba mbuzi ni miongoni mwa waliowamaliza konokono wale, alisimama na kupinga kabisa, kwa sababu amechunga mbuzi tangu utotoni na hajawahi kuona mbuzi anayekula konokono.

Naomba msaada wa wenye ujuzi. Naomba kuwasilisha.

Msomi_Chimwaga

Mwalimu, salaam na pongezi kwa darasa lenye wanafunzi wanaouliza namna hiyo. Nitajibu maswali mawili ya mwanzo, la mbuzi nitawaachia wanaojua mifugo kuliko mimi.

Konokono mdogo husafiri mbali kwa kubebwa, na udogo wake ndio unaomwezesha kubebwa. Katika kisiwa cha Hahajima, kwenye Visiwa vya Ogasawara nchini Japani, yuko konokono aitwaye Tornatellides boeningi mwenye urefu wa takriban milimita 2.5. Watafiti waliwalisha konokono hao ndege wadogo wa jamii ya kinengenenge, kisha wakachunguza kinyesi chao, wakakuta kwamba takriban asilimia 15 ya konokono walikuwa wamepita tumboni mwa ndege na kutoka wakiwa hai. Mmoja kati yao alizaa watoto muda mfupi baada ya kutoka. Kwa hiyo ndege anayepeperushwa na dhoruba kutoka kisiwa kimoja hadi kingine anaweza kuwa amebeba wakazi wapya tumboni.

Wengine hugandia kwenye manyoya kwa ute wao. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa vinasaba kuhusu konokono wa jenasi ya Balea, ukaonyesha kwamba wale wa Tristan da Cunha, katikati ya Atlantiki ya Kusini, ni ukoo mmoja na wale wa visiwa vya Azores, vilivyo Atlantiki ya Kaskazini, na wa Ulaya, ingawa kati ya Azores na Tristan kuna zaidi ya kilomita 8,000 za maji. Konokono hao hawana bawa wala jahazi, na maelezo yanayokubalika ni kwamba walifikishwa na ndege.

Kuna pia njia ya magogo na mimea inayoelea. Charles Darwin aliliwaza jambo hili zaidi ya miaka 150 iliyopita, akamtia konokono aliyekuwa katika usingizi wa msimu ndani ya maji ya bahari kwa siku 20, naye konokono akaendelea kuishi bila hitilafu. Siri iko kwenye ule utando anaojizibia mlangoni mwa gamba. Sisi wa Dodoma tunao ushahidi wake karibu: ukipita kiangazi kwenye mawe ya granite au kwenye gome la mbuyu utawaona wamenata, mdomo wa gamba umezibwa kwa utando mkavu unaong'aa kidogo, na humo ndani mnyama yuko hai akisubiri mvua za Desemba. Kiumbe anayeweza kuvuka miezi kama saba ya ukame wetu kwa kujifungia tu anaweza pia kuvuka majuma machache ya chumvi.

Akishafika, mara nyingi hahitaji mwenzi wa kufika naye. Konokono wengi wa nchi kavu ni huntha, yaani kila mmoja ana viungo vya kiume na vya kike. Baadhi ya spishi huweza kujitungisha wenyewe, na nyingine hutunza mbegu za kiume mwilini kwa muda mrefu, hivyo konokono mmoja anaweza kuanzisha ukoo mzima.

Na hapa ndipo lilipo jibu la swali la pili. Safari kama hiyo hutokea kwa nadra mno, pengine mara moja katika maelfu mengi ya miaka. Aliyefika hukaa bila kupata damu mpya kutoka alikotoka, na kizazi baada ya kizazi hubadilika kulingana na mwamba, upepo na chakula cha pale, hadi anakuwa spishi nyingine kabisa. Kwa hiyo mababu zake walikuwapo mahali pengine, ila yeye kwa umbo alilonalo leo alitokea palepale. Ndiyo maana akiisha pale, hakuna ghala lingine la kumchukua.

BintiKondoa

Shikamoo Mwalimu, shikamooni wakubwa wote. Naomba nimjibu yule mtoto wa mfugaji, kwa sababu swali lake lina haki.

Ni kweli, mbuzi hali konokono. Anakula kile kinachomfunika konokono. Konokono mwenye ukubwa wa njegere hupoteza maji haraka, hivyo maisha yake yote ni kutafuta unyevu chini ya majani, kwenye mashina ya nyasi na katika nyufa za mawe. Mbuzi akimaliza majani, jua linapiga udongo moja kwa moja, udongo unakauka, mvua ya kwanza inauchukua na kuumwaga baharini, na konokono anabaki juu ya jiwe tupu. Pale Deserta Grande panya walikuwapo pia, na hao ndio wanaomla yeye mwenyewe. Kwa hiyo mmoja anamvua kivuli na mwingine anamla akiwa hana pa kujificha.

Kwa sisi wa Kondoa jambo hili halihitaji kuelezwa sana. Wazazi wetu waliona milima ya Irangi ikiwa imechanwa na makorongo mekundu ambayo ng'ombe mzima angeweza kutumbukia asionekane. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wengi tunaujua kwa jina la HADO, ulianza mwaka 1973 kwa matuta na upandaji miti, lakini ilipofika 1979 serikali iliamua kuondoa mifugo yote katika eneo lililoharibika zaidi. Uamuzi huo uliumiza. Ziko familia zilizolazimika kuhamisha mali yake yote kwa miguu, na wazee bado wanalizungumzia kwa uchungu. Hata hivyo nyasi zilirudi, vichaka vikarudi, na leo anayepita Kolo na Haubi haoni tena ule wekundu uliokuwa kwenye picha za zamani. Mwalimu, waonyeshe wanafunzi picha hizo mbili, ya kabla na ya baada, kisha waambie wafikirie kiumbe cha milimita chache kilichokuwa kinaishi chini ya majani yaliyoondoka.

Tofauti kubwa ni kwamba Kondoa ina majirani. Mdudu au konokono aliyetoweka kwenye korongo aliweza kurudi kutoka kwenye msitu wa karibu, lakini kisiwani hakuna jirani wa namna hiyo.

MkaziNkuhungu

Nimesoma kwa heshima, lakini nina neno. Tunaongelea kontena maalumu, ndege za abiria, wataalamu wa nchi mbili, na yote hayo kwa ajili ya konokono ambaye hata akiwa mbele yako huwezi kumwona. Katika nchi yenye vijiji ambavyo bado vinachota maji kwenye mito iliyokauka, mtoto akiuliza konokono huyu ana faida gani, mwalimu atamjibu nini? Nauliza kwa nia njema kabisa.

Msomi_Chimwaga

Ndugu Mkazi, swali lako ni halali na lisipojibiwa vizuri mtoto atabaki na shaka moyoni.

Konokono hula majani yaliyokufa, kuvu na mwani, na kuurudisha uhai huo kwenye udongo. Lakini kazi yao isiyojulikana sana ni kukusanya kalisi, yaani madini ya chokaa, na kuyaweka kwenye gamba. Nchini Uholanzi mvua yenye tindikali iliondoa kalisi kwenye udongo wa baadhi ya misitu, konokono wakapungua, na haikupita muda ndege wadogo wa misitu hiyo wakaanza kutaga mayai yenye maganda membamba au yasiyo na ganda kabisa. Ilibainika katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994 kwamba ndege hao walikuwa wakitegemea magamba ya konokono ili kutengeneza maganda ya mayai. Hakuna aliyekuwa amefikiria kumhesabu konokono alipokuwa akihesabu ndege.

Zaidi ya hapo, Watanzania tumeshawahi kukabiliwa na swali hili hili, tukalijibu kwa vitendo. Vyura wa Kihansi waliishi kwenye takriban hekta 2 tu za manyunyu chini ya maporomoko katika milima ya Udzungwa, na walipewa jina la kisayansi mwaka 1999. Mwaka uliofuata bwawa la umeme likaanza kuchukua sehemu kubwa ya maji yaliyokuwa yakitengeneza manyunyu hayo. Vyura wakaporomoka, na mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini, huku wazao wa wale waliopelekwa mapema Marekani wakiendelea kutunzwa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Serikali haikuzima mitambo, kwa sababu nchi ilihitaji umeme, wala haikuwaacha vyura. Yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji bondeni, kikajengwa kituo cha kuwatunza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 vyura wakaanza kurudishwa Kihansi. Binafsi naona fahari juu ya jambo hilo, kwa maana tulikataa kuchagua kati ya taa na chura.

MzeeKongwa

Wanangu, nimefuatilia mjadala huu tangu asubuhi, na nina jambo ambalo naona halijaguswa. Tumewalaumu panya na mbuzi wa Wareno, lakini yuko konokono wa kwetu aliyehusika na msiba mkubwa kuliko huo, na ni vema watoto wakalijua.

Yule konokono mkubwa wa pwani ya Afrika Mashariki, anayejaa kiganjani, kwao ni huku kwetu, na huku kwetu hana neno kubwa. Watu ndio waliombeba. Alifika Mauritius mwanzoni mwa miaka ya 1800, mwaka 1847 akapelekwa Kolkata nchini India, mwaka 1936 akafika Hawaii, na mwaka 1967 akafika Tahiti, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki. Huko alizaliana bila kizuizi na kula mazao. Wataalamu wa kilimo wa wakati ule wakaona dawa ni kuleta konokono mwingine anayekula konokono, aitwaye Euglandina rosea, ambaye asili yake ni kusini mwa Marekani. Aliachiwa Hawaii mwaka 1955, Tahiti mwaka 1974, na kisiwa jirani cha Moorea mwaka 1977.

Konokono huyo mwindaji hufuata mkondo wa ute wa mawindo yake hadi amfikie, na hakujali kabisa yule mkubwa aliyetumwa kumla. Aliwageukia wenyeji wadogo wa miti, ambao kwa maelfu ya miaka hawakuwa na adui wa namna ile na hawakujua kukimbia. Konokono wa jenasi ya Partula pale Moorea walikuwa spishi saba, na kufikia mwaka 1987 hakukuwa na hata mmoja aliyebaki msituni. Wachache waliokuwa wamechukuliwa mapema waligawanywa kwenye bustani za wanyama duniani. Wa mwisho wa spishi ya Partula turgida, kutoka kisiwa cha Raiatea, alikufa London Januari 1996. Kule Oahu, Hawaii, konokono wa mwisho wa spishi ya Achatinella apexfulva, ambaye watunzaji wake walimpa jina la George, alikufa tarehe 1 Januari 2019 akiwa na umri wa takriban miaka 14, baada ya kuishi kwa miaka mingi peke yake kwenye tangi la maabara.

Rudini sasa kwenye maelezo ya ndugu yetu wa Chimwaga. Ndege na mawimbi humfikisha konokono mmoja kisiwani katika maelfu ya miaka, na walioko wanapata muda wa kuzoeana naye. Meli humfikisha panya, mbuzi, konokono wa kigeni na adui wa konokono huyo katika umri wa mtu mmoja, na hakuna kiumbe kinachojifunza kujilinda kwa haraka hiyo. Kwa hiyo yule mtoto wa mfugaji alikuwa na haki ya kumtetea mbuzi wake. Kosa ni la aliyempakia chomboni na kumshusha mahali pasipo fisi wala chui wa kumpunguza.

Habari njema iko pia. Partula wameanza kurudishwa visiwani kwao tangu mwaka 2015, na mmoja wao, Partula tohiveana wa Moorea, mwaka 2024 aliondolewa kwenye orodha ya waliotoweka porini, kwa kuwa wamekutwa wakubwa waliozaliwa hukohuko.

BintiKondoa

Ahsante sana Mzee. Ningependa kuongeza moja kuhusu kutangaza kwamba kiumbe kimekwisha, kwa sababu mwanafunzi makini atauliza mtu anajuaje.

Katika bahari yetu hii ya Hindi, zaidi ya kilomita 600 kutoka pwani ya Afrika Mashariki, kuna Aldabra, visiwa vya Ushelisheli vinavyojulikana kwa kobe wake wakubwa. Huko tu ndiko anakoishi konokono aitwaye Rhachistia aldabrae. Alionekana mwaka 1997, kisha kimya, na mwaka 2007 jarida moja la kisayansi likachapisha waraka uliosema kwamba ametoweka kwa sababu mvua zimepungua. Habari hiyo ilienea duniani kote kama mfano wa kiumbe aliyeuawa na mabadiliko ya tabianchi. Agosti 2014 wafanyakazi wa taasisi inayosimamia visiwa hivyo walipenya kwenye vichaka vizito vya kisiwa cha Malabar, wakamkuta yuko hai, tena pamoja na wadogo waliozaliwa karibuni. Waraka ule ukafutwa na jarida.

Kutomwona hakutoshi, na hasa kwa kiumbe anayejifungia ndani ya gamba wakati wa kiangazi. Anayetaka kusema ametoweka anapaswa kumtafuta mahali panapomfaa na katika msimu wa mvua, na anapaswa kujua kutafuta.

MwalimuMpwapwa

Nimefarijika mno. Mwanafunzi yule wa mbuzi nitamsomea majibu yenu neno kwa neno.

Niongeze ombi moja. Wilaya yetu inapakana na kugusa safu ya Rubeho, ambako tunajua yuko kwale asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Je, inawezekana misitu ile ya vilele ikawa na konokono wa kwao peke yao, kama vile visiwa? Na je, wanafunzi wanaweza kutafuta konokono wadogo hapa shuleni kwa vifaa vya kawaida?

Msomi_Chimwaga

Inawezekana, Mwalimu, na kwa Tanzania ni jambo linalofahamika. Milima ya Tao la Mashariki, ambayo Rubeho ni sehemu yake, ina misitu yenye unyevu iliyotenganishwa na nyanda kavu, na kwa konokono wa msituni nyika ya Gairo au Kibaigwa haivukiki kirahisi kuliko maji. Wako konokono wa jenasi ya Gulella, wengi wao wakiwa na urefu wa milimita chache, wenye meno kwenye mdomo wa gamba na wanaokula konokono wenzao, ambao spishi zake kadhaa zimekutwa kwenye mlima mmoja tu.

Kwa shuleni, anzeni baada ya mvua kushika. Chukueni majani makavu yaliyooza kiasi, pamoja na udongo wa juu, chini ya kichaka chenye kivuli au kwenye kitako cha mwamba. Yaacheni yakauke kivulini, kisha yachekecheni mara mbili, kwanza kwa chekeche la matundu mapana ili kuondoa vijiti, halafu kwa chekeche la unga, juu ya kitambaa cheupe. Kilichobaki kitandazeni kidogo kidogo chini ya taa au jua na mkipitie kwa lenzi ya mkono. Macho yatachukua muda kuzoea, kwa sababu mwanzoni kila punje ya mchanga inafanana na gamba, lakini yule wa kwanza atakayeona mzunguko wa gamba la milimita 2 atawafundisha wenzake. Msikate tamaa mkipata wachache. Udongo unaotokana na granite una kalisi kidogo, hivyo jaribuni pia karibu na vichuguu na mahali penye mawe ya chokaa.

Kusanyeni magamba matupu tu, walio hai warudisheni palepale mlipowatoa. Msiingie kukusanya katika misitu ya hifadhi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, na kama kazi itakua hadi kuwa utafiti, COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, ndiyo inayotoa vibali vya utafiti. Kila kichupa kiwe na karatasi ndani yake yenye jina la mahali, tarehe, aina ya uoto na mwinuko kutoka usawa wa bahari, nayo iandikwe kwa penseli, maana wino huyeyuka iwapo baadaye vielelezo vitahifadhiwa kwenye spiriti, na gamba lisilojulikana limetoka wapi halimsaidii mtafiti yeyote.